Jini Huyu Hana Pointi za Uhai

Wiki nzima nilimwandaa jini mmoja. Nilimpa mbuyu uliopasuka katikati, kisima kilichokauka mbele yake, na mji mdogo wa pwani ambao watu wake hawapiti njia ile baada ya magharibi. Wachezaji wangu wanne walikaa mkekani. Nikawasimulia harufu ya udi inayotoka mahali pasipo na chetezo, nikaona mmoja wao amejikunyata. Kisha dadu zikarushwa. Raundi ya kwanza mishale miwili ilimpata, ya pili mkuki, ya tatu jini akaanguka chini kama mwizi wa kuku. Kijana aliyemmaliza akaniuliza, bila ubaya wowote, "Sasa kaka, kama ana pointi 45 za uhai tu, watu wa mji huu walikuwa wanaogopa nini?"

Alikuwa sahihi. Maneno yangu yalisema jini huyu ni wa kuogopwa, lakini kanuni nilizozichukua kitabuni zilisema ni mwili wenye hesabu, na hesabu ikiisha, naye kaisha. Mchezaji akisikia kauli mbili zinazopingana, huamini ile inayoamua kama mhusika wake ataishi au atakufa. Kwa hiyo wewe unayetaka kuendesha mchezo wa kuigiza mezani katika dunia ya kubuni uliyoitunga mwenyewe, shika hili kabla ya ramani, kabla ya majina ya wafalme: dunia yako si ile uliyoieleza, ni ile ambayo kanuni zako zinairuhusu.

Kwa asiyeujua mchezo huu, watu watatu hadi sita huketi pamoja. Mmoja ni msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza hali, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na jambo likiwa na mashaka, dadu huamua. Hakuna mshindi. Kinachobaki mwishoni ni kisa ambacho hakuna hata mmoja wenu angeweza kukitunga peke yake.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Wote wawili walitoka katika michezo ya vita ya vinyago vya askari, na ndiyo sababu mpaka leo sehemu kubwa ya kanuni zake inahusu kupigana. Katika matoleo ya miaka ya mwanzo, kila sarafu ya dhahabu uliyoitoa shimoni na kurudi nayo salama ilikuletea pointi moja ya uzoefu, wakati kuua mnyama wa kutisha kulileta pointi chache tu. Wachezaji walielewa haraka. Wakajifunza kunyata, kuhonga na kukimbia, kwa kuwa vita vilikuwa hasara. Matoleo ya baadaye yalipoweka malipo makubwa kwenye kumshinda adui, watu walewale wakaanza kutafuta ugomvi.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa yeyote anayeniomba msaada ni hili: katika mchezo wako, mhusika hukua kwa kufanya nini? Ukishajibu kwa sentensi moja, umeshabadili nusu ya kanuni. Mezani petu tulifuta pointi za kuua na pointi za dhahabu. Mwisho wa kila kikao nauliza maswali matatu. Nani ametimiza ahadi iliyomgharimu? Nani amefika mahali asipopajua na akajua jina la mwenyeji wake? Nani amesema ukweli barazani mbele ya mtu anayeweza kumdhuru? Kila "mimi" inayokubaliwa na wenzake ni pointi moja, na pointi saba hupandisha ngazi. Baada ya vikao viwili hivi, wachezaji waliokuwa wanahesabu mishale walikuwa wanahesabu ahadi. Sikuwahutubia hata mara moja kuhusu uungwana.

Mfano mzuri wa kazi hii iliyofanywa na mabingwa ni kitabu cha Adventures in Middle-earth, kilichotolewa na Cubicle 7 mwaka 2016. Walichukua toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, wakalipeleka katika dunia ya J. R. R. Tolkien. Dadu hawakuzigusa. Mhusika bado anarusha dadu ya pande ishirini na kuongeza namba yake. Ila waliondoa tabaka zote za wachawi wanaorusha moto, maana katika dunia ile mtu wa kawaida hana uwezo huo. Wakaweka safari kuwa jambo lenye kanuni zake, ambapo mmoja wa wasafiri ni kiongozi wa njia, mwingine mpelelezi, mwingine mwindaji, mwingine mlinzi. Wakaongeza Kivuli, uchafu wa moyo unaokusanyika kidogo kidogo kwa anayeona maovu au kuyatenda.

Halafu wakagusa usingizi. Katika kanuni za kawaida za toleo la tano, ukilala kwa saa nane unaamka pointi zako zote za uhai zimerudi, hata kama jana ulikuwa unachungulia kaburi. Kwa shimo lenye vyumba ishirini hiyo inafaa, lakini kwa safari ya majuma matatu nyikani inaua kila kitu, kwa sababu hakuna uchovu unaovuka usiku mmoja. Wao wakasema mapumziko kamili hayapatikani njiani, mpaka ufike mahali pa amani. Sentensi moja tu, na ghafla nyumba yenye taa ikionekana kwa mbali, wachezaji wanashusha pumzi kwa kweli. Ukitaka kubadili kanuni moja pekee katika mchezo wowote, badilisha jinsi watu wanavyopona.

Sisi tulifanya hivyohivyo kwa njia ya pwani. Kwetu hupati mapumziko kamili mpaka upige hodi, ukaribishwe, na ule chakula cha mwenyeji. Hakuna kupona porini na hakuna kupona jahazini. Kanuni hii imewafanya wachezaji wajali heshima yao katika kila mji, kwani mji uliowafungia milango ni mji ambamo majeraha hayaponi.

Sasa nije kwenye uganga, ambako nataka nikae zaidi.

Mfumo maarufu wa nguvu za ajabu katika Dungeons & Dragons ulitokana na hadithi za Jack Vance, Mmarekani aliyechapisha The Dying Earth mwaka 1950. Katika hadithi zile mchawi huhifadhi maneno kichwani, akiyatamka yanatoka na kufutika, na lazima ayasome upya. Ni wazo zuri, nalo lina imani yake ndani: kwamba nguvu ni mali ya anayeisoma, inajaa na kuisha kama risasi katika bunduki, na usingizi huijaza tena. Ukiuchukua mfumo huo bila kuutazama, umeichukua na imani yake.

Lugha yetu haiamini hivyo. Kiswahili hakina neno moja linalofunika kila kitu cha namna hii, na hilo ni utajiri ambao mtunzi wa mchezo hapaswi kuutupa. Kuna uganga na kuna uchawi, na mtu anayeyachanganya mbele ya wazee atasahihishwa hapohapo. Kuna falaki na ramli. Kuna talasimu inayoandikwa na kuvaliwa. Kuna pepo anayepanda kichwani, na yule anayepandwa huitwa kiti, neno linalokueleza papo hapo nani ameketi na nani amekaliwa. Kila moja ina mwenye nguvu tofauti na gharama tofauti. Basi nikaamua zisilipiwe kwa sarafu moja.

Uganga wetu hulipiwa kwa deni. Mganga si mwenye nguvu, mwenye nguvu ni jini, naye mganga ni mjumbe. Anapoomba jambo, anarusha dadu mbili za pande sita na kujumlisha. Akipata 10 au zaidi, jambo limekubaliwa bila sharti jipya. Akipata 7 hadi 9, limekubaliwa, lakini jini anadai kitu kabla ya mwezi kuandama. Akipata 6 au chini, jini ndiye anachagua nani atalipa, na si lazima awe mganga. Kila dai lisilotimizwa hujaza kipande kimoja katika duara la vipande sita lililochorwa pembeni ya karatasi ya mhusika. Duara kama hilo nimejifunza kutoka mchezo wa Blades in the Dark wa John Harper, wa mwaka 2017, ambamo hatari huchorwa mbele ya macho ya wote, na kila mtu anaiona inavyokaribia. Likijaa, jini alikuwa anapanda.

Hapa kuna kosa nililolifanya nikalirekebisha. Mwanzoni, jini akipanda, mimi msimulizi nilikuwa namchukua mhusika na kumsemea. Mchezaji alibaki amekaa kama abiria aliyeshushwa njiani. Usimnyang'anye mtu mhusika wake hata kama hadithi inadai hivyo. Baadaye nikawa nampa mchezaji mwenyewe kikaratasi chenye mambo matatu ambayo jini anayataka, na yeye ndiye aliyemcheza jini. Mchezaji akawa kiti na mkaaji kwa wakati mmoja, na nimeona watu wapole wakibadilika sauti kwa namna ambayo nisingeweza kuipanga.

Uchawi nao hauna dadu. Unafanikiwa kila mara. Gharama yake ni swali moja ambalo nauliza mbele ya wote: nani anaweza kuwa amekuona? Jina linaandikwa. Majina yanakusanyika. Mchezaji aliyechagua njia hiyo anapata anachotaka katika kila kikao na analala vibaya zaidi katika kila mji. Falaki na talasimu, kwa upande mwingine, hulipiwa kwa muda. Hazina hatari na hazishindwi, lakini zinahitaji siku, vitabu na utulivu, na adui hangoji. Kanuni hizi zote zinakaa katika nusu ukurasa.

Neno la tahadhari kuhusu jambo hili. Majini si mchezo kwa kila mtu. Mezani petu dada mmoja alinivuta pembeni baada ya kikao kimoja akaniambia kwamba nyumbani kwao kulikuwa na mtu aliyepungwa pepo, na hakutaka kuona hali ile ikiigizwa. Nilimshukuru, na wiki iliyofuata, bila kumtaja, nikaibadilisha kanuni kwa meza nzima: jini sasa huja ndotoni na kudai chake, hapandi. Mchezo haukupungua hata chembe. Uliza kabla ya kuanza, mmoja mmoja, kitu gani kisiingie mezani, na usidai sababu.

Kifo ni eneo jingine ambalo watu huliacha kama lilivyo kitabuni. Fikiria Fumo Liyongo wa masimulizi ya pwani. Mikuki haikumweza. Alitiwa gerezani, akatoka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, huku watu wakipiga ngoma ya gungu nje. Aliyemuua ni mwanawe, kwa sindano ya shaba kitovuni, na hata baada ya kuchomwa alipiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, watu wasithubutu kwenda kuteka maji wakidhani bado yu hai. Mpe mtu huyu pointi 200 za uhai na umemharibu, maana hadithi yake haisemi kwamba ana uhai mwingi. Inasema kifo chake kimefichwa mahali pamoja, na anayepajua mahali hapo ni mtu wa karibu.

Kutokana na hilo tuna kanuni ya siri ya kifo. Mhusika akifika ngazi ya tano, mchezaji anaweza kuandika namna moja tu ambayo mhusika wake anaweza kufa, na jina la mtu mmoja anayeijua. Kuanzia hapo silaha za kawaida zinaweza kumwangusha, kumfunga, kumwaibisha, lakini si kumuua. Vita havimtishi tena, ila kila karamu ya kifamilia inamtisha. Na yule jini wa mbuyu? Nilimfutia pointi zote. Nikamwandikia jina lake la kweli, mambo matatu anayoyataka, na kitu kimoja alichonyimwa zamani na watu wa mji.

Bahari ilinipa kazi rahisi kuliko nilivyodhani, kwa sababu kanuni zake zilikuwapo kabla yangu. Kaskazi huvuma takriban Novemba hadi Machi, kusi takriban Aprili hadi Oktoba, na katikati kuna maleleji, upepo usiojua unakokwenda. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilishuka na kaskazi na kurudi na kusi kwa karne nyingi. Nikachora mstari wa miezi kumi na miwili juu ya karatasi, kila kikao kinakula mwezi mmoja, na jahazi haliendi kinyume cha upepo isipokuwa kwa uganga, yaani kwa deni. Mchezo wa Pendragon wa Greg Stafford, wa mwaka 1985, ulinionyesha thamani ya kalenda: humo kila mwaka una tukio lake kubwa, kisha majira ya baridi huja na kila mchezaji anashughulikia shamba, ndoa, watoto na uzee. Miezi yetu ya maleleji hufanya kazi hiyo. Hakuna safari, watu wako bandarini, na mambo ya nyumbani yaliyoahirishwa yanadai haki yake.

Katika Pendragon pia kila mhusika ana jozi kumi na tatu za tabia zinazokinzana, kila jozi ikijumlishwa inatoa 20, hivi kwamba ukarimu ukipanda ubahili unashuka. Tumechukua jozi nne tu. Usichukue zote, karatasi itajaa na hakuna atakayeisoma.

Kuhusu dadu zenyewe, ushauri wangu ni kuziacha zilivyo kama huna sababu ya nguvu. Hesabu ya mfumo mzuri imesawazishwa na watu waliocheza mamia ya mara, na ukivuta uzi mmoja nguo nzima inajikunja. Dadu ya pande ishirini ina tabia moja: kila upande una nafasi sawa ya asilimia 5, kwa hiyo +1 huongeza asilimia 5 popote ulipo. Mbili za pande sita ni tofauti kabisa. Jumla ya 7 hutokea mara 6 katika 36, ya 12 mara moja tu. Katika mpangilio wa ngazi tatu niliouelezea, ambao ulienezwa na Apocalypse World ya D. Vincent Baker, ya mwaka 2010, mtu asiye na nyongeza hushindwa mara 15 katika 36, hupata kwa sharti mara 15, na hupata kikamilifu mara 6. Mpe +1, kushindwa kunashuka hadi 10 na kupata kikamilifu kunapanda hadi 10. Mpe +3 na atashindwa mara 3 tu katika 36. Ndiyo maana sivuki +3 kamwe. Msimulizi mwenye huruma anayegawa nyongeza kama pipi huua mashaka, na mashaka yakifa watu wanaanza kuchezea simu.

Kuna pia sababu ya kawaida ya kuzipenda dadu mbili hizi: dadu za aina hii hupatikana katika maboksi ya ludo. Dadu ya pande ishirini huitafuti dukani mtaani ukaipata. Programu za simu zipo, lakini dadu inayobiringika kwenye sinia ya bati, watu wanne wameinamisha vichwa, ina sauti ambayo simu haina.

Jaribu badiliko moja kwa kikao kimoja. Ukibadili mambo matano siku moja na kikao kikawa kibovu, hutajua lipi limeharibu. Kabla ya kikao kamili, chezeni tukio la nusu saa linalogusa kanuni mpya tu. Kisha usiulize, "Mmeipenda?" kwa sababu marafiki watasema ndiyo. Uliza, "Ulipokuwa hatarini, ulifikiria kufanya nini kwanza?" Jibu litakuonyesha kanuni zako zinafundisha nini. Wakijibu "kupigana" wakati umewaletea mji wa wafanyabiashara na washairi, rudi kwenye daftari.

Ukifika mahali pa kutaka kuchapisha kazi yako, habari ni njema kuliko zamani. Mnamo Januari 2023, Wizards of the Coast, wachapishaji wa Dungeons & Dragons, waliweka kanuni za msingi za toleo la tano, hati inayoitwa SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kuzitumia hata kibiashara, mradi uwataje wenye kazi kama leseni inavyotaka. Dunia ya Tolkien haimo humo, wala dunia ya mtu mwingine yeyote. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchimba ya kwako.

Andika kanuni zako kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, usiziandike kwingine ukazihamisha. Nilipojaribu kutafuta neno la kile ambacho vitabu vya nje hukiita ushawishi wa mhusika, niligundua sina neno moja, nina matatu: heshima, haya, na ulimi. Sasa ni namba tatu katika karatasi zetu, na kila moja inafungua mlango tofauti. Mtu mwenye ulimi bila haya anashinda sokoni na anafukuzwa msibani.

Miezi saba baadaye tuliurudia ule mbuyu. Wahusika walikuwa wametua na kusi, wawili wana majeraha ambayo mji uliwakatalia kuyaponya, na mganga ana vipande vitano kati ya sita. Nikasimulia kisima, nikasimulia udi. Yule kijana wa mishale akaweka dadu zake kwenye sinia bila kuzirusha, akauweka upinde wake chini, akauliza kama umbali uliobaki ni wa sauti ya kawaida au wa kupaza. Nikamwambia ni wa kawaida. Akasogea mbele kidogo pale mkekani na kusema, "Hodi."